Banda Lisilopumua

Vifaranga wangu walikufa wakiwa wamejipanga vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Wangekufa wamerundikana kwenye kona, ningesema baridi. Wangekufa wametawanyika ukutani, midomo wazi na mbawa zimelegea, ningesema joto, nikamtafuta aliyezidisha mkaa. Lakini walikufa kwenye duara safi kuzunguka jiko, kila mmoja na nafasi yake, kama wageni waliopangiwa viti harusini. Duara lile lile ambalo nimewafundisha wafugaji wa mji huu wa Dodoma. Duara langu.

Kwanza nieleze mimi ni nani, maana atatokea mtu aseme huyu alikuwa anabahatisha. Sibahatishi. Nilianza na kuku tisa wa mama yangu. Nilikuwa nawafunga miguu, nawaning'iniza kwenye baiskeli, nawapeleka Majengo sokoni huku wananipiga mbawa magotini. Nilipanga chumba kimoja Chang'ombe nikalala humo na matenga ya kuku, mpaka wapangaji wenzangu wakanisemea kwa mwenye nyumba kwamba nanuka. Shule yangu ni darasa la saba. Leo watu wenye shahada zao, wanaokaa Area D kwenye nyumba zenye mageti ya umeme, wananipigia simu kuniuliza vifaranga wao wanalia nini. Nawaambia, weka simu chini, karibu nao, nisikilize. Nikisikiliza kidogo tu najua. Huo mlio wa juu unaokatika-katika ni wa baridi, ongeza moto. Wanaongeza, kelele inakwisha, wananiita profesa. Wanatania, lakini kelele imekwisha.

Kazi yenyewe iko hivi. Kifaranga wa mashine ya kutotolea hana mama, kwa hiyo jiko ndilo mama. Naweka jiko la mkaa katikati ya chumba, nalifunika kwa chungu kikubwa nilichokitoboa pembeni, namwaga maranda sakafuni, nazungushia mbao nyembamba wasipotee. Halafu sifanyi kitu. Nakaa kwenye ndoo, natazama. Wakijibana kwenye chungu, moto ni mdogo. Wakikimbilia kwenye mbao, moto ni mkali. Wakiacha nafasi kati yao na chungu, na nafasi nyingine kati yao na mbao, wakakaa kwenye ule mkanda wa katikati wanakula, wanakunywa, wengine wamelala wamenyoosha shingo kama walevi, hapo umepatia. Kipimajoto sijanunua maishani mwangu. Kipimajoto changu ni vifaranga wenyewe.

Sasa wale waliokufa hawakuwa vifaranga hivi hivi tu.

Mama yangu alikuwa na kuku wa kijijini, wa rangi ya majivu, madoa meupe kifuani, miguu mifupi kiasi kwamba akitembea unadhani anateleza. Mwaka ambao mtama ulikauka wote shambani, kuku wale ndio waliotulisha watoto watano. Mama alikuwa akiamka asubuhi anawasalimia kwanza wao, "Mbukwenyi", kama watu wazima, ndipo atugeukie sisi. Kutoka kwa hao ndiko nilikopata wale tisa wangu. Nilipopata hela nikawadharau. Nikaleta kuku wa kisasa, wakubwa, wazito, na kuku wa mama nikawauza mmoja mmoja mpaka wakaisha. Mama alipofariki ndipo nilipokumbuka. Nilizunguka vijijini kwa pikipiki misimu miwili kutafuta uzao ule. Nikapata majike saba na jogoo mmoja kwa ndugu wa mbali upande wa mama, nikawaacha kijijini kwa dada yangu, nikawa nakusanya mayai tu. Mayai yakiwa bado kwenye mashine, kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikapita kijijini. Kikamaliza majike yote na jogoo. Chanjo nilikuwa nayo kwenye friji yangu, huku mjini. Hilo nalo tuliache.

Kwa hiyo walipoanguliwa vifaranga mia mbili na kitu, hao ndio walikuwa wote waliobaki wa uzao ule. Wakifa, kuku wa mama wameisha. Nilimwambia kila mtu nyumbani hivyo hivyo, kwa maneno hayo, ili asije mtu akasema hakujua.

Nikawajengea banda jipya. Banda la zamani lilikuwa la miti na udongo, limeezekwa kama tembe letu la nyumbani, limejaa nyufa, upepo unaingia upande huu unatokea upande ule. Nililiona aibu. Banda jipya ni tofali za saruji, lipu ndani na nje, madirisha ya vioo, mlango wa bati. Fundi aliacha upenyo chini ya mlango, vidole vitatu unaingiza, nikamtukana mbele ya wenzake. Nilimwambia hata panya angeona haya kuliita hilo banda lililokamilika. Alinikodolea macho, akakusanya vifaa vyake, akaondoka, na upenyo ukabaki.

Binti yangu wa kwanza alikuwa amekuja likizo. Yeye ni mwalimu wa fizikia, sekondari. Amerithi jina la mama yangu, kwa hiyo namwita mama, na huo ualimu ameusomea kwa hela ya kuku, jambo ambalo namkumbusha mara kwa mara. Alasiri moja aliingia bandani, akachuchumaa karibu na mbao, akatazama duara. Nikangoja asifie.

"Baba," akasema, "hiki ndicho wanafunzi wangu wanachoshindwa kukielewa."

"Kuku?"

"Nyota."

Akanieleza. Kila nyota, akasema, ni jiko. Jua letu ni mojawapo. Kuzunguka kila jiko pana mkanda kama huu. Sayari ikikaa ndani sana, maji yake yanachemka yanapotea. Ikikaa nje sana, yanaganda. Ikikaa hapo katikati, maji yanaweza kubaki maji, na penye maji ndipo watu wanapotafuta uhai kwanza. Nyota ndogo yenye mwanga hafifu mkanda wake uko karibu nayo. Nyota kubwa kali mkanda wake unasogea mbali.

"Hiyo mbona ndiyo kazi yangu," nikamwambia. "Jiko dogo wanasogea, jiko kubwa wanarudi nyuma. Kwa hiyo kuna watu wamejengewa madarubini makubwa kama nyumba, watafute kitu ambacho bibi yako alikijua?"

Akacheka. "Bibi hakuwa na darubini."

"Na kuku wake hawakufa."

Nilifurahi siku ile, sikatai. Mtoto niliyemsomesha amesoma mpaka mbinguni, akarudi akakuta baba yake yuko huko anamsubiri na jiko la mkaa. Nikaanza kutunga kichwani namna nitakavyowasimulia wale wa Area D.

Wakati huo vifaranga kama ishirini walikuwa wametoka tena nje ya mbao. Palikuwa na mahali mbao zilipoungana vibaya, na wao walikuwa wamepagundua. Kila siku wanatoka, wanakwenda kujikusanya mlangoni, kwenye ule upenyo wa fundi, kwenye baridi, wamelaliana kama viazi. Nikawazoa kwa mikono miwili, nikawarudisha.

"Hawa ni wajinga," nikasema. "Moto huu hapa, wao wanakwenda mlangoni."

"Hao nao wana wenzao angani," akasema binti yangu. "Kuna miezi inazunguka sayari za Mshtarii na Zohali, nje kabisa ya mkanda, baba, mbali. Juu ni barafu tupu. Lakini wataalamu wanaona kila dalili kwamba chini ya barafu pana bahari. Sayari hizo kubwa zinavyoivuta miezi hiyo huku na huku, inapata joto kwa ndani. Huenda kukawa na kitu huko. Hakuna anayejua."

"Basi wakikuta kitu huko kitakuwa kijinga kama hawa."

Hapo alitakiwa acheke tena, tuishie hapo. Lakini walimu hawajui kuishia.

"Ila baba, kukaa kwenye mkanda peke yake hakutoshi. Sayari ya Mirihi iko pale ukingoni, wengine wanaihesabu ndani. Lakini hewa yake ni nyepesi mno, joto linakimbia, maji yaliyokuwepo juu yamepotea. Zuhura nayo imejifunika hewa nzito, joto likiingia halitoki, ni moto kuliko hata sayari iliyo karibu zaidi na jua. Sisi tumenusurika kwa blanketi la hewa lenye kiasi. Umbali ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni hewa." Akainua macho, akatazama madirisha yangu ya vioo, akatazama paa. "Humu hewa inapitia wapi?"

Nikahisi damu inapanda.

"Umekuja kunifundisha kuku?"

"Hapana, baba. Nauliza. Mkaa ukiwaka ndani unatoa hewa ya sumu. Haina harufu, haionekani."

"Mimi nimelea vifaranga kwa mkaa kabla hujazaliwa. Kabla mama yako hajanijua. Nionyeshe kifaranga mmoja, mmoja tu, aliyekufa mikononi mwangu kwa sababu ya hewa."

Akainuka, akakung'uta maranda magotini. Kisha akasema, "Sawa, baba."

Ile sawa naichukia. Ni sawa ya watu wenye vyeti. Haikubali wala haibishani, inakuacha unasimama na ushindi wako kama mtu aliyeachwa kituoni.

Siku ya pili yake upepo ukaja. Anayekaa Dodoma anaujua upepo wa mwezi wa saba, hauhitaji kuelezwa. Unakuja na vumbi jekundu, mkavu, wa baridi, unapiga tangu asubuhi bila kupumzika mpaka unasahau kimya kilikuwaje. Kufika alasiri vifaranga walikuwa wamejisogeza upande mmoja wa jiko, duara limekuwa nusu duara. Upepo ulikuwa unapenya kwenye nafasi ndogo kati ya ukuta na bati la paa. Nikachukua ngazi. Nikaziba juu kwa magunia na nailoni, nikapigilia turubai ukuta mzima wa upande wa upepo, nikafunga madirisha yote, nikaongeza mkaa. Mbao zilipoungana vibaya sikupakumbuka, na chini ya mlango sikupatazama.

Mke wangu alipita na ndoo ya maji, akasimama.

"Mzee, jiko liko ndani na umefunga kila mahali?"

"Upepo huuoni?"

"Naona. Lakini hata sisi tukipikia ndani, mlango unaachwa wazi. Ukiufunga kichwa kinagonga."

"Ni vifaranga hao, siyo wanawake wa jikoni."

Akaenda zake. Naandika haya kama yalivyokuwa, sijisafishi. Niliambiwa na mwalimu wa fizikia na nikaambiwa na mpishi, na wote wawili niliwanyamazisha mimi.

Jioni, jua halijazama, nilichungulia kwenye kioo. Duara limerudi. Duara zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona. Hakuna anayelia, hakuna anayekimbia. Nikamwita binti yangu kwa sauti ya mtu aliyeshinda.

"Mama, njoo uone sayari zako."

Akaja akaweka mikono kwenye kioo, akatazama muda mrefu.

"Wametulia mno, baba."

Nilidhani ananisifu. Mimi, niliyesikia mlio wa kifaranga kwenye simu nikajua kinachomsumbua, nilisimama pale nikitazama vifaranga wasiolia kabisa, nikaona raha. Kifaranga mzima halali hivyo wote kwa pamoja. Daima wapo wawili watatu wanapigana, yupo anayekanyaga kinywesheo, yupo anayechokonoa maranda. Nilijua hilo. Tangu chumba cha Chang'ombe nalijua. Lakini duara lilikuwa zuri.

Asubuhi nilifungua mlango nikaingia. Joto lilikuwepo, zuri. Kimya. Niliinama nikamgusa wa kwanza, akalala upande. Wa pili. Wa tatu. Nikaanza kupita nikiwagusa kwa kidole kimoja, sijui nilikuwa natafuta nini. Kichwa kikaanza kunigonga, magoti yakawa kama ya mtu mwingine. Nikasikia nimeshikwa shati kwa nyuma, nimevutwa kama mzigo, nikakaa chini nje kwenye vumbi. Binti yangu alirudi akapiga kioo cha dirisha kwa mpini wa jembe, kisha cha pili, kisha akatoka nje akikohoa. Hakuingia tena mpaka upepo ulipopita humo ndani muda mrefu.

Kisha akaniita kwa upole, na upole ule uliniuma.

"Baba. Hapa mlangoni."

Walikuwepo nyuma ya mlango, kwenye ule upenyo wa vidole vitatu. Wajinga wangu. Walitoka kwenye mbao kama kawaida yao, wakaja kulaliana kwenye baridi, wakapashana joto wenyewe kwa wenyewe, na fundi niliyemtukana akawapa hewa. Tuliwahesabu kumi na tisa. Wawili walikufa saa hiyo hiyo. Kumi na saba tukawatia kwenye boksi la sabuni, mke wangu akalifunika na khanga, juu akapaacha wazi bila kuambiwa na mtu.

Hapo ndipo nikamgeukia binti yangu. Hasira ilikuwa inatafuta mtu.

"Wewe jana ulitazama kwenye kioo. Ulijua. Ukanyamaza."

"Nilisema wametulia mno."

"Hiyo ndiyo kusema? Mwalimu mzima?"

"Nilisema na juzi, baba. Ukaniambia nikuonyeshe mmoja."

Hakunyoosha mkono kuelekea ndani. Hakuwa na haja. Angenyoosha ningepata sababu ya kumfokea.

"Ungefungua dirisha kwa nguvu," nikasema.

"Kwenye nyumba hii? Nifungue kitu ulichokifunga wewe?"

Mke wangu alikuwa anapepeta kitu kwenye ungo. Akaacha kupepeta. Nikangoja aseme neno, niligeukie hilo. Akarudia ungo wake. Kati ya watu watatu pale uani, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui kufunga mdomo, na kwa miaka yote nilikuwa naita hali hiyo kuwa baba mwenye msimamo.

Nilikwenda stoo nikachukua nyundo na tindo. Nikaegemeza ngazi kwenye banda langu jipya, nikaanza kutoa tofali za mstari wa juu, chini kidogo ya paa, moja baada ya nyingine, na lipu yake, na rangi yake. Kila tofali nililitukana. Nilimtukana fundi kwa kujenga vizuri pote isipokuwa mlangoni. Nikautukana upepo. Nikawatukana na wale wa darubini, na kwao hasira yangu haijapoa hata sasa. Maana kila siku nasikia redioni, sayari nyingine imeonekana, iko mahali pazuri, umbali mzuri, huenda ina maji. Na watangazaji wanafurahi kana kwamba mizigo imeshafungwa, safari kesho. Watu hao watakwenda kufanya nini huko? Watafika watapiga lipu. Watafunga vioo, watawasha jiko katikati, watamwambia anayeuliza habari ya hewa kwamba wao wamefanya kazi hii kabla hajazaliwa. Nawajua. Ni watu kama mimi.

Nilipogeuka kushuka nikakuta ngazi haijatikisika muda wote kwa sababu binti yangu alikuwa ameishika. Vumbi la tofali limemjaa kichwani mpaka kope.

"Bado mstari wa upande wa pili," akasema.

"Najua."

"Nilikuwa nasema tu."

"Endelea kusema."

Tulitoa na upande wa pili. Upepo ukaingia juu, ukatokea juu, chini pakawa pametulia. Banda likawa baya kulitazama, limeng'oka meno. Nikawarudisha wale kumi na saba na jiko dogo, nikatafuta ndoo yangu nikakaa. Duara halikuwa duara. Wengine walikaa karibu na chungu, wengine wakaenda zao kwenye mbao, wawili wakapigana juu ya kinywesheo wakakimwaga. Kelele tupu. Nilikaa pale mpaka mke wangu akaja kuniita chakula mara ya pili.

Walikua kumi na wanne. Majogoo ni watano, miguu mifupi, madoa meupe kifuani, na wanawika hovyo bila kufuata saa. Chanjo nawapiga mwenyewe, kwa tarehe, siachi kwa dada wala kwa mtu. Mwezi uliopita mayai ya kwanza yameingia kwenye mashine.

Likizo ilipokwisha binti yangu aliniomba ruhusa awasimulie wanafunzi wake habari ya banda. Alisema atawaambia ni ya mfugaji mmoja wa Dodoma.

"Mfugaji mmoja ndiyo nani?" nikamuuliza. "Waambie ni baba yako. Mfugaji mkubwa kuliko wote upande huu. Na waambie ndiye aliyefunga madirisha."

"Yote mawili?"

"Yote mawili. Na usianze na la kwanza ukaishia hapo."

Akabeba begi lake. Alinipitia bandani kuniaga, nikaitikia, naye akainama akaingiza vidole vitatu kwenye ule upenyo chini ya mlango wa banda, akavitoa, akaondoka bila kusema kitu. Safari hii nilitamani aseme.